Kiongozi Anayeulizika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Uongozi wa Kanisa

Mimi ni mhazini wa kanisa moja la mtaa hapa Kigoma mjini, juu kidogo ya mwalo wa Kibirizi, mahali wavuvi wanaposhushia samaki. Maswali haya nimeulizwa mlangoni baada ya ibada, matangani, kwenye daladala ya Ujiji, na siku hizi usiku kwa simu. Mengi huulizwa kwa sauti ya chini, kana kwamba muulizaji anaiba kitu, na hilo ndilo lililonisukuma kuyaandika. Najibu kama mwamini wa kawaida aliyekaa na wazee wa kanisa muda mrefu. Mkatoliki, Mwanglikana, Mmoraviani, Msabato na Mpentekoste wana taratibu zao, kwa hiyo nikisema "mzee wa kanisa" wewe soma cheo kinacholingana nacho kwenu.

Kiongozi mzuri wa kanisa anatambulikaje?

Swali hili likiulizwa kwenye semina, majibu ya kwanza huwa upako, sauti na elimu. Kisha tunafungua 1 Timotheo 3 na kusoma polepole: asiyelaumika, mume wa mke mmoja, mwenye kiasi na busara, mtu wa utaratibu, mkaribishaji, ajuaye kufundisha, asiwe mlevi, asiwe mpiga watu, awe mpole, asipende fedha. Hesabu mwenyewe. Katika orodha yote hiyo ujuzi ni mmoja tu, kufundisha. Yanayobaki ni tabia, tena tabia ambazo mke, jirani na mwenye duka wanazijua kuliko askofu. Paulo alimwandikia Tito karibu mambo yaleyale (Tito 1:5–9), akaongeza kwamba asiwe mtu wa kujipendeza nafsi yake wala mwepesi wa hasira.

Mimi orodha hiyo naikusanya katika neno moja: anaulizika. Ukimuuliza alikuwa wapi, anajibu. Ukimuuliza fedha ya saruji imefikia wapi, anafungua daftari. Ukimwambia amemkosea mama fulani, anakaa chini akusikilize. Neno "asiyelaumika" wengi hulichukua kama mtu asiyeruhusiwa kulaumiwa. Maana yake ni kwamba watu wamemchunguza kwa uhuru wao na hawakupata cha kushika.

Kwa nini unalipa uzito mkubwa jambo la kuulizika?

Kwa sababu niliishi kinyume chake. Nikiwa kijana nilisali kanisa moja, si hili la leo, tukachanga fedha za bati. Akina mama wa dagaa walitoa sehemu ya mauzo ya giza zima, yaani zile wiki za mwezi kutoonekana ambazo wavuvi huingia ziwani. Bibi mmoja alileta dumu la mawese alilobeba kichwani, likanadiwa mbele ya kanisa. Mwaka ukapita, tukawa bado tunasali chini ya turubai.

Siku ya mkutano wa washarika kijana mmoja wa kwaya akainuka, mikono nyuma, akauliza kwa adabu kabisa: bati zimefikia wapi? Kiongozi hakutaja bati. Alifungua Zaburi ya 105 akasoma, "Msiwaguse masihi wangu," akafunga kitabu, akaita sala ya kufunga. Yule kijana hakurudi tena kanisani. Huenda fedha zile hazikuibiwa. Huenda zilimtibu mgonjwa, huenda bei ya bati ilipanda tukashindwa kufikia. Hatutajua kamwe. Mpaka leo nikisikia mvua inapiga turubai namkumbuka alivyokuwa amesimama.

Lakini Biblia si inakataza kumgusa mpakwa mafuta wa Bwana?

Soma zaburi hiyohiyo kuanzia mstari wa 12. Inasimulia habari za Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wachache, wageni, wakitangatanga kutoka taifa hadi taifa, na Mungu akawakemea wafalme kwa ajili yao ili wasiwadhuru. Ni ulinzi wa wanyonge mbele ya wenye nguvu. Kuutumia kumnyamazisha kijana wa kwaya ni kuligeuza andiko miguu juu.

Wengine hunitajia Daudi na Sauli. Vema, tusome 1 Samweli 24 mpaka mwisho. Daudi alikataa kumuua Sauli, lakini alitoka pangoni na kipande cha vazi alichokikata kwa Sauli mkononi, akamwita mfalme kwa sauti, akamuuliza mbele ya majeshi kwa nini anamwinda. Kutodhuru na kutouliza ni vitu viwili. Tena mtumishi mwenye mikono safi hutafuta kuulizwa. Samweli akiwa mzee mwenye mvi aliwakusanya Israeli akasema, "Nimetwaa ng'ombe wa nani? Au nimetwaa punda wa nani?" Aliwaomba wamshitaki wakiwa na neno (1 Samweli 12:3). Na Petro, mtume mkubwa, alipojitenga na ndugu wa mataifa mezani kule Antiokia, Paulo alimpinga uso kwa uso (Wagalatia 2:11). Petro hakuacha kuwa mtume kwa sababu hiyo.

Fedha za kanisa zisimamiwe vipi?

Nitaeleza tunavyofanya sisi; kila kanisa lina utaratibu wake.

Ibada ikiisha, kapu halitoki chumba cha wazee mpaka limehesabiwa. Tunakaa watatu, na hao watatu hawatoki nyumba moja. Noti tunazinyoosha juu ya meza. Zinazotoka mwaloni huja na unyevu na harufu ya dagaa. Nyingine zimekunjwa ndogo kama punje ya karanga, maana mtoaji hakutaka jirani aone kuwa ni elfu moja tu. Hizo mimi hukunjua kwa uangalifu kuliko zote. Sarafu tunazipanga kumi kumi. Mmoja anahesabu, wa pili anarudia, wa tatu anaandika kwa kalamu ya wino. Kosa halifutwi: linakatwa kwa mstari mmoja na kutiwa saini pembeni, ili atakayekuja kesho aone palikosewa nini. Kuku, mihogo na mawese ya mnadani vinaandikwa bei iliyofikiwa na jina la mnunuzi, kwa kuwa mnadani ndiko ahadi nyingi hupotelea. Kisha saini tatu.

Jumatatu fedha inakwenda benki ikiwa kamili. Hapa ndipo makanisa mengi huteleza: mtu wa maji anadai, nauli ya mwinjilisti inahitajika, basi wanachomoa hapohapo mezani kabla ya kuandika. Nia ni njema, lakini baada ya miezi mitatu hakuna anayejua kilichoingia. Pelekeni yote, kisha mtoe kwa hati ya malipo. Sadaka ya simu nayo iende kwenye namba iliyosajiliwa kwa jina la kanisa, isiende kwenye simu ya mchungaji wala ya mhazini, hata kama ni mwaminifu kiasi gani. Mwisho wa mwezi karatasi ya mapato na matumizi inabandikwa mlangoni, mahali ambapo hata mpita njia anaweza kuisoma.

Kuna wanaosema utaratibu huu ni kutoaminiana. Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu aliaminiwa na wengi, lakini alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine wawili, akaeleza sababu: asipatikane mtu wa kuwalaumu, na mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia (2 Wakorintho 8:16–23). Mimi mwenyewe nalala usingizi kwa sababu ya zile saini mbili zilizo chini ya yangu.

Ni kweli mnauliza habari za mgombea hata kwa majirani wasio Wakristo?

Kweli. 1 Timotheo 3:7 inataka kiongozi ashuhudiwe mema na watu walio nje, na hapa Kigoma na Ujiji watu walio nje ya kanisa ni majirani zetu Waislamu, tunaokula nao pilau za Idi na kuzikana nao.

Miaka michache iliyopita ndugu mmoja alipendekezwa kuwa mzee wa kanisa. Anaomba vizuri, anatoa vizuri. Mimi na mzee mwenzangu tukaenda mtaani kwake, tukakaa kwenye benchi la duka la mzee mmoja Mwislamu, tukaagiza soda. Baada ya salamu na habari za nyumbani tukamweleza bila kuzunguka kilichotuleta. Alinyamaza, akaendelea kupima sukari kwenye mizani na kuifunga kwenye karatasi. Kisha akasema, "Ni mtu mzuri. Watoto wangu anawajua kwa majina." Akavuta daftari la madeni, akalifungua ukurasa mmoja, hakutuonyesha, akalifunga. "Mwambieni tu apite."

Tulimpelekea ujumbe ndugu yetu. Lilikuwa deni la unga wa miezi minne. Aliona haya sana, na sisi hatukumsema kwa mtu. Akalipa kidogo kidogo mpaka Krismasi. Mwaka uliofuata tulirudi kwenye benchi lile, na yule mzee akacheka hata kabla hatujaketi: "Huyo sasa mchukueni." Leo ndiye anayeshika fungu la wajane, na daftari lake ni safi kuliko langu.

Je, kiongozi ambaye watoto wake wameharibika anafaa kuendelea?

Swali hili huulizwa na watu wenye uchungu, mara nyingi na wazazi wenyewe, kwa hiyo inafaa kulijibu kwa huruma. Andiko linasema mtu asiyejua kuisimamia nyumba yake mwenyewe hawezi kulitunza Kanisa la Mungu. Hapa ipo tofauti ya mzazi aliyelea kwa bidii na mtoto akachagua njia yake, na mzazi aliyefumbia macho. Hofni na Finehasi, wana wa Eli, walikuwa wakichukua kwa nguvu nyama ya dhabihu kabla haijatolewa ipasavyo, hekaluni, na baba yao alizisikia habari hizo. Mungu alimhukumu Eli kwa sababu alijua uovu huo na asiwazuie (1 Samweli 3:13). Wana wa Samweli pia walipokea rushwa, na wazee wa Israeli wakamwambia hivyo usoni (1 Samweli 8:1–5).

Basi tazama anavyofanya kiongozi mwanawe anapokosea. Akimtetea kwa cheo, au akimtafutia nafasi kanisani ili aonekane mwema, hapo pana shida. Akilia, akamrudi, akaomba wazee wamsaidie, mimi namwona anafaa kuliko yule ambaye watoto wake hawajawahi kumpa mtihani. Na kuhusu nyumba, tusiishie kwa watoto. Mwanamume anayempiga mkewe ni mpiga watu, na andiko limeshamtaja.

Mhubiri wetu anajaza kanisa mpaka watu wanasimama nje. Hiyo si ishara tosha?

Ni ishara kwamba anajua kuhubiri, na ni baraka. Lakini kaa naye kwanza kwa muda. Paulo alimwonya Timotheo asimwekee mtu mikono kwa haraka, na juu ya mashemasi alisema wajaribiwe kwanza. Sisi mtu aliyependekezwa hukaa mwaka mzima akifanya kazi zisizoonekana: kufungua kanisa, kutembelea wagonjwa hospitali ya Maweni, kusindikiza maiti mpaka Kasulu na kurudi usiku. Wapo waliochoka mwezi wa pili.

Lazima awe amesomea theolojia au awe padre au mchungaji?

Kwa kazi zinazohitaji daraja, kanisa lako lina sheria zake na uzifuate. Elimu ya Biblia ninaitamani kwa kila kiongozi, hata wa kikundi cha watu saba, kwa sababu asiyesoma hufundisha alichosikia redioni. Lakini uongozi ni mpana kuliko madhabahu. Ziwa letu lenyewe lina ushuhuda. Adrian Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa akiwa mtoto na kuuzwa utumwani, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, akasomea udaktari Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kusini mwa hapa kwenye ufuko huuhuu wa Tanganyika, siku hizi mkoa wa Katavi, akiwa daktari na katekista. Alikaa hukohuko akitibu na kufundisha mpaka alipofariki mwaka 1956. Hakuwa padre. Zaidi ya miaka 60 mahali pamoja, kwa watu walewale na wajukuu zao! Nikikutana na viongozi wanaohama kila wanapokosolewa, huwasimulia habari zake.

Wanawake je?

Makanisa yanatofautiana juu ya daraja la uchungaji. Kanisa Katoliki halitoi daraja hilo kwa wanawake. Katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) wanawake wamekuwa wakibarikiwa kuwa wachungaji tangu miaka ya 1990, ingawa kila dayosisi ilianza kwa wakati wake. Siwezi kumaliza mjadala huo hapa. Ninachojua ni kwamba Paulo alimtaja Fibi kuwa mhudumu wa kanisa la Kenkrea (Warumi 16:1), na kwamba Apolo, msemaji hodari, alichukuliwa pembeni na Prisila na Akila wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi (Matendo 18:26). Na ninajua kwamba ukiondoa akina mama kwenye jumuiya ndogo ndogo, kwenye wagonjwa na kwenye mnada, makanisa mengi ya Kigoma yatafungwa ndani ya miezi miwili. Kama wanabeba kazi, basi wakae pia kwenye meza ya maamuzi na wasomewe hesabu.

Kijana anaweza kuwa mzee wa kanisa?

Timotheo aliambiwa mtu yeyote asiudharau ujana wake, na papo hapo akaambiwa awe kielelezo katika usemi, mwenendo, upendo, imani na usafi. Kijana wa namna hiyo mpeni kazi. Aliyeokoka juzi aachwe akue kwanza, awe na miaka 20 au 50.

Kwetu vyeo vinagawanywa kwa ukoo na kabila. Tufanyeje?

Kigoma ni njia panda. Katika benchi moja unakuta Muha wa Kasulu, Mbembe, Mmanyema, Mfipa, mtu aliyezaliwa Kongo na mwingine ambaye wazazi wake walivuka kutoka Burundi. Anapochaguliwa mwenyekiti, macho huanza kuhesabu watu wa nani wamepata nini.

Kanisa la kwanza lilipitia hayo. Katika Matendo 6 wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, manung'uniko yakatokea. Mitume hawakusema manung'uniko ni dhambi. Waliita mkutano, wakaomba wachaguliwe watu saba walioshuhudiwa kuwa wema, wenye kujawa na Roho na hekima. Sasa tazama majina: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timona, Parmena, Nikolao. Yote ni ya Kiyunani. Kanisa liliweka ghala mikononi mwa watu wanaobeba majina ya wale waliodai kunyimwa! Sijui kamati ngapi za leo zingethubutu.

Kwa hiyo mkiona kundi fulani linanung'unika, msianze kuwahubiria umoja. Angalieni kwanza kama kweli wanasahauliwa. Kiongozi mzuri hapa kwetu anaitikia "mwakeye", salamu ya Kiha, ya bibi kutoka Buhigwe kwa furaha, na familia iliyofika juzi bila hata mkeka anaijua ilipolala.

Wakati wa shida kiongozi mzuri anafanya nini?

Nitaeleza nililoliona. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane. Kibirizi vichanja vya dagaa vikabaki vitupu, mitumbwi ikavutwa mchangani, na vijana waliozoea kulala mchana wakawa wanakaa barazani hawajui la kufanya. Kapu la sadaka likawa jepesi, nami nikaandika tarakimu ambazo sijawahi kuziandika.

Jumapili moja ya Juni mchungaji wetu alisimama akasoma hesabu zote: kilichoingia, kilichobaki benki, na posho yake mwenyewe kwa shilingi. Akapendekeza kamati ya ujenzi isimame, na fedha ya madirisha inunue unga kwa nyumba za wavuvi. Akauliza kama kuna mwenye swali. Mama mmoja mkaanga samaki wa migebuka akainuka na mtoto mgongoni: mbona posho ya mchungaji haikuguswa? Kanisa lilinyamaza kimya. Mchungaji alitazama karatasi yake, kisha akasema, "Mama, umeuliza haki. Nina watoto watatu shuleni, niliogopa kulitaja. Kamati ikae iamue, mimi niwe nje." Akatoka, akasimama chini ya mwembe peke yake mpaka tulipomwita. Tulipunguza theluthi moja hadi Agosti. Ziwa lilipofunguliwa, yule mama ndiye aliyetukumbusha kuirudisha.

Nehemia, akiwa liwali kwa miaka 12, hakula chakula cha liwali kwa kuwa watu walikuwa wameelemewa (Nehemia 5:14–18). Na Ezekieli 34 inaanza na hasira ya Mungu juu ya wachungaji wanaojilisha wenyewe huku kondoo wakitawanyika. Sura hiyo ningependa isomwe kila tunapomsimika kiongozi.

Kiongozi wetu anashika kila kitu mwenyewe, mpaka funguo za stoo. Ni bidii au ni tatizo?

Mara nyingi huanza kama bidii. Musa naye aliketi kuamua watu tangu asubuhi hadi jioni, mkwewe Yethro akamwambia jambo hilo si jema, atachoka yeye na watu wachoke. Akamshauri atafute watu walio uwezo, wenye kumcha Mungu, watu wa kweli, wenye kuchukia mapato ya udhalimu, awaweke wakuu wa maelfu mpaka wakuu wa kumi (Kutoka 18). Na ushauri ulitoka kwa kuhani wa Midiani, mtu wa nje, Musa akausikia. Anayeshika kila funguo haulizwi na mtu, hata kama hakukusudia hivyo. Anzeni kwa kumwomba funguo moja.

Kuna mtumishi anaombea watu, lakini lazima ulipe kwanza au ununue mafuta yake.

Elisha alikataa zawadi za Naamani aliyeponywa ukoma. Gehazi, mtumishi wake, akamkimbilia nyuma na uongo, akapata talanta mbili za fedha na mavazi mawili, kisha akapata na ukoma (2 Wafalme 5). Usilipe. Mwenye shukrani atatoa baadaye kwa hiari, na itaandikwa kwenye daftari la kanisa. Na dawa za hospitali usiache kumeza kwa sababu ya neno la mtu.

Kiongozi wa kanisa aruhusiwe kuwa mwanasiasa?

Ni raia, apige kura, akemee dhuluma bila kujali imefanywa na nani. Madhabahu asimkopeshe mgombea. Mgombea akija na bahasha nene, mhazini aiandike kama sadaka nyingine yoyote, na asipewe kipaza sauti kwa sababu yake.

Kiongozi amekosea. Tuanzie wapi?

Inategemea kosa. Likiwa la kati yako na yeye, Mathayo 18:15–17 inatosha: mwendee peke yake, kisha na mmoja au wawili, kisha kanisa. Usianzie kwenye kundi la simu. Nimeona makanisa mawili yakipasuka kwa ujumbe wa sauti wa dakika tatu. Likiwa ni shitaka juu ya mzee, lihitaji mashahidi wawili au watatu, na likithibitika akemewe mbele ya wote (1 Timotheo 5:19–20). Andiko hili linamlinda kiongozi na uzushi, na linawalinda washarika na kiongozi anayefichwa.

Likiwa la kumdhuru mtoto, au kubaka, au kupiga, hilo si la kamati ya wazee kulimaliza kwa mbuzi na msamaha. Nendeni polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, au pigeni namba 116 ya kusaidia watoto. Kanisa litamwombea mtu akiwa mahabusu. Naandika haya kwa uzito kwa sababu najua familia zilizoombwa zinyamaze "kulinda jina la Bwana", na jina lililolindwa halikuwa la Bwana.

Sheria ya nchi inasemaje?

Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa dini na kuacha uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Lakini jumuiya yenyewe husajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, na wadhamini wanaoshika mali husajiliwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Maana yake kanisa lenu lina katiba iliyoandikwa. Ombeni nakala, isomeni, mjue nani anamhoji nani na muda wa uongozi ni miaka mingapi.

Muda wa kiongozi ukiisha, akabidhi vipi?

Kwa maandishi, mbele ya mashahidi, kitu kwa kitu. Mhazini aliyenitangulia alinikabidhi siku ya Jumamosi mchana. Alipanga juu ya meza madaftari sita, muhuri, vitabu vya stakabadhi pamoja na vile vilivyobaki tupu, kadi ya benki, na kifurushi cha sarafu za jumla ya shilingi 2,350 ambazo hakujua zilizidi wapi. Alikuwa ameziandika hivyohivyo, "zimezidi, chanzo hakijulikani," na tarehe. Tulihesabu pamoja mara mbili. Akatia saini, akanipa funguo, akaenda zake nyumbani kwa miguu.

Jumapili iliyofuata alikuja akakaa benchi la tatu, upande wa dirisha. Baada ya ibada nilikwama kwenye safu ya mwezi Machi, jumla hazikukubaliana. Nilipoinua kichwa nilimwona bado amekaa palepale, kanisa lote limetoka, kofia yake magotini, akisubiri kama nitamuuliza.